Honi ya Mvua kwenye Kichanja cha Dada Kolumba

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, kijijini kwetu Ruanda. Asubuhi ukungu, mchana radi, na jioni hii moyo wangu unarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Shajara, kaa vizuri. Leo fundi wako ameishinda mvua.

Redio nimetengeneza miaka ishirini. Kuna moja ya mkulima wa Liparamba ilikanyagwa na tembo; nilipomrudishia ikawa inashika stesheni mbili kwa mpigo. Anayebisha aje. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo sijawahi kulificha.

Sasa najifunza kitu kikubwa kuliko redio. Sista Editha, anayefundisha umeme kwenye chuo cha ufundi cha parokia, anatuonyesha namna ya kuunda kifaa chenye kompyuta ndani, chipu ndogo kuliko ukucha. Na siri yake ni kwamba nyaya na programu huvipangi kimoja kimoja. Unakaa na vyote viwili tangu mwanzo, unagawa kazi: hili la waya, hili la programu.

Zoezi langu ni honi ya kuonya kahawa ikianza kunyeshewa. Kibati chenye nyaya kinakaa kichanjani, kahawa inapoanikwa; kikilowa chipu inajua, honi ya lori inalia.

Nilichagua hivyo kwa sababu ya dada yangu Kolumba. Tangu soko lifunguliwe na wanunuzi binafsi waanze kupanda huku milimani, kila mmoja anang'ata punje kwanza, na kahawa iliyonyeshewa anaiacha hapo hapo. Basi dada halali mbali na vichanja vyake. Mjukuu wake wa kwanza kazaliwa Mbaha, kule ziwani, tangu Julai, na hajamwona. Ubatizo ni kesho.

Aliniambia wiki iliyopita, "Mdogo wangu, honi yako ikiweza, nitashuka. Isipoweza, nyamaza kabisa kuhusu kompyuta."

Nilishamwahidi mbele ya kanisa zima. Mdomo wangu huu.

Naomba nikiri. Jumatatu ilikuwa aibu. Ukungu ule wa saa tatu, unaopita kahawa ikishafunuliwa na wala hausumbui mtu, ulilowesha kibati, honi ikanguruma, watu wakatoka mbio na maturubai. Nikabadilisha risista, kile kidude cha kupunguza umeme. Jumanne nikabadilisha nyingine. Jumatano manyunyu ya kweli yakaja, honi kimya kama kaburi.

Sista akanikuta nayeyusha risasi ya kuungia nyaya kwa hasira. "Mjomba, weka hiyo pasi chini. Unataka waya ufikiri. Waya haufikiri. Na programu haina mikono. Kamuulize dada yako anatofautishaje ukungu na mvua."

Dada alicheka sana. "Ukungu unalowesha taratibu. Mvua inapiga. Hilo nalo la kusomea?"

Ndilo la kusomea! Nikaandika programu: usiulize tu kama kumelowa, uliza kumelowa kwa kasi gani. Lakini maji yalikuwa yanatuama kwenye kibati hata mvua ikishapita, na hapo programu haina la kufanya, kwa hiyo kibati nikakiinamisha yachuruzike. Kiingereza cha darasa la saba cha kuandikia programu na pasi ya risasi, vyote vikafanya kazi meza moja.

Leo saa tatu tukasimama kichanjani: Sista, dada, na jirani yake Mama Trifonia ambaye ndiye angeisikia honi na kufunika. Ukungu ukapita. Kimya. Tukasogeza kahawa pembeni, Sista akamwaga maji kwa kopo lenye matundu. Honi ililia, nakuapia, wakaacha kula ng'ombe wa Malawi ng'ambo ya ziwa.

Dada alichukua kifurushi chake akashuka ziwani.

Saa nane radi. Nilikuwa kibandani kwangu. Matone yakaanza kugonga bati, mazito, na honi haikulia.

Haikulia.

Nilikimbia na ndala moja. Nilishaona uso wa dada, mavuno yote yameoza kwa sababu yangu.

"Unakimbilia wapi, Mjomba?" Mama Trifonia alikuwa amekaa barazani anapeta maharage. "Nimefunika tangu saa sita, ganda lisipasuke na jua. Hujui kahawa inafunikwa mchana?"

"Na kibati?"

"Nacho nimekifunika. Kimelala na kahawa, mimi nikiache kichomwe?"

Nikaingiza mkono chini ya turubai. Kahawa kavu, ya moto. Kibati kikavu. Honi ilinyamaza kwa sababu hapakuwa na cha kulilia.

Sista alitaka kibati kikae juu ya nguzo, kiangalie mbingu. Kingekuwa huko, kingempigia kelele Mama Trifonia bure. Hapo kilipo kinaiangalia kahawa yenyewe. Jumatatu nitamwambia Sista ndivyo nilivyosanifu.

Wewe nitakwambia ukweli. Waya ulikuwa mfupi, haukufika nguzoni.

Dada amepiga simu sasa hivi, nyuma yake mtoto analia. "Honi imelia?"

"Haijalia."

"Mvua?"

"Imenyesha."

"Na kahawa?"

"Kavu, dada. Mbatize mtoto."

Waya siuongezi hata inchi moja.