Kibandiko kwenye upara wa shemeji

Mstaafu mwenzangu, nimekwisha!

Unakumbuka mke wangu aliapa? Aibu moja tena, malori yangu ya mfano yanaenda jalalani.

Leo nimeloweka kibandiko cha lile lori kubwa, kiachane na karatasi yake. Shemeji akaingia anatiririka jasho, akachovya kitambaa bakulini mwangu, akajipangusa upara. Kibandiko kikanasa kisogoni: WEKA UMBALI.

Kisogoni, ndugu yangu! Akaenda nacho kuongoza kikao, nami kimya kama maji mtungini.

Amerudi sasa hivi kanuna. "Dada, leo hata wa kunisindikiza sikupata!"

Mke wangu akamgeuza, akasoma. Moyoni nikaanza kuyaaga malori.

Mke akanivutia jikoni. "Dada yako anakuja kesho. Unacho kingine?"