Mtoto Asiyekuwemo Kitabuni

Mufulira,
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi, Mama Tabitha,

Pokea salamu hizi ukiwa umekaa, maana barua yenyewe ni ndefu. Salamu pia kwa wote walioizunguka. Najua mdogo wangu Amosi ndiye anayeisoma, Baba yuko kwenye kigoda chake, na Mama anajifanya anachambua maharage kumbe masikio yote yako huku. Amosi, leo soma polepole, na usiruke hata pale utakapoona haya.

Mnaendeleaje hapo Nanyala? Goti la Baba limepoa? Kahawa imeshachanua? Mwaka huu nimeitamani mno harufu ya yale maua asubuhi, baada ya mvua ya kwanza. Hapa hewa ni moshi wa kuyeyushia shaba. Unakaba koo, na hata chai inanukia moshi huo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya chini ni ile ile: tunashuka, tunapakia mawe, tunapanda, na mgongo unalalamika tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili tunasoma.

Nimekwisha kuwaeleza habari za baraza letu la wasomaji. Tuko saba, wote wa kwetu, kutoka Mbozi, Ileje na Tunduma, na tunakutana barazani kwenye ukumbi wa kambi. Vitabu vya Kiswahili huku ni vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tukipata kimoja tunakisoma mpaka uzi unalegea. Sheria yetu ni kwamba kila aliyesoma aseme kilichompendeza na kilichomuudhi. Asiyeudhiwa na lolote tunamwambia hakusoma. Basi tunabishana mpaka watu wa kambi wanatoka kuangalia kama kuna ugomvi.

Katika vyote, kilichotupendeza zaidi ni kile kitabu cha mkata mkonge. Tulikuwa na nakala mbili, nami nikakuletea moja ili nawe utoe maoni. Mama yangu mzazi, wewe ulikuwa umekwenda kwa shangazi kiliposomwa, nakueleza kwa kifupi. Mtu anakwenda kukata mkonge mbali sana na kwao, anakaa miaka saba. Mkewe anamngoja. Kila jioni anampikia, anaweka chakula, hakuna anayekuja. Mwishowe mume anarudi, mke anamwosha miguu wala hamwulizi neno, na kitabu kinaishia hapo. Sisi wanaume saba tulisifu kwa kauli moja. Bwana mmoja wa Ileje alitokwa na machozi kabisa.

Sasa sikilizeni alivyoandika Mama Tabitha. Barua yake ninayo hapa mapajani, naitoa neno kwa neno:

“Kitabu ni kizuri, lakini mwandishi hakumwuliza mwanamke yule hata mara moja. Amemkalisha miaka saba kama kisiki cha shambani. Kilichoniudhi zaidi ni pale mtoto anapomkimbilia kila mwanamume mwenye kofia apitaye barabarani, akimwita baba, na mama yake anakwenda kumchukua na kuomba radhi kwa wageni. Hapo nilikiweka kitabu chini. Ningekuwa mimi mwandishi, ningempandisha gari la moshi mwanamke yule na mwanawe wamfuate mumewe huko kwenye mkonge. Kingekuwa kitabu kifupi, lakini kingekuwa kitabu.”

Mke wangu, nilifurahi! Niliwasomea wenzangu kwa majivuno, wakapiga makofi, wakasema nimeoa msomi. Kisha nikakaa nikakujibu kurasa nne, mimi na ujuzi wangu. Nikakueleza kwamba subira ndiyo pambo la hadithi ile, na kwamba gari la moshi lingeharibu mafundisho. Na nikaandika, unakumbuka nilivyoandika: “Huyo mtoto unayemtaja hayumo kitabuni. Umechanganya na kitabu kingine. Soma tena kwa makini.”

Nikabandika stempu, nikaituma. Wiki hiyo hiyo nikaitwa kwa karani, nikatia sahihi mwaka mwingine wa kazi. Sikuona tatizo. Nilijua unangoja.

Sasa, yupo hapa mzee wetu mmoja, Bwana Silwimba, Mnamwanga wa Chapwa, ambaye huja kutusikiliza tu, lakini siku ile hakuwapo kwa sababu ya kifua. Jumapili iliyopita alitoka hospitali, akasema, “Nasikia mke wa Yeremia ametoa maoni. Nisomee na mimi.” Nikasoma. Nilipofika kwa mtoto nikacheka, nikamwambia hapo ndipo alipokosea. Mzee hakucheka.

“Kitabuni hakuna mtoto?”

“Hakuna, mzee. Nimekifunua chote.”

“Wewe ulipoondoka kwenu ulivaa nini kichwani?”

“Kofia,” nikasema.

“Mwe bantu, enyi watu!” akasema, akiwageukia wenzangu. “Saba mmekaa hapa, wasomaji, na hakuna aliyesoma. Yeremia, mtoto wako ana miaka mingapi?”

Nikamwambia ulikuwa bado unamnyonyesha nilipoondoka, na sasa ana miaka mitatu.

“Basi ndiye huyo anayekimbia barabarani. Mkeo atakwambiaje? Barua inasikilizwa na mkwewe. Amekupa habari kwa mlango wa kitabu, nawe ukamsahihisha kama mwalimu!”

Niliinuka nikaenda zangu, na kitabu nilikiacha pale pale kwenye benchi. Tangu siku hiyo, nikiwa chini nasukuma toroli, namwona Tabitha na miguu yake midogo akimkimbilia mtu asiyemjua. Namwona mtu huyo akisimama, hajui afanye nini. Namwona mama yake akija nyuma. Nimewakumbuka mpaka naumwa. Naandika hivyo hivyo, Amosi, nawe soma hivyo hivyo.

Baba yangu, shikamoo. Nisamehe nikisema na mke wangu mbele yako maneno ambayo sisi hatuyasemi mbele ya wazee. Mkamwana wako hakuvunja heshima, hakutaja ila kitabu. Lakini nimewaza tena: barua yake uliisikia kabla haijafungwa, na Tabitha ni wewe unayemwona kila siku akikimbilia kofia za watu. Nawe hukuizuia barua. Labda nyumba nzima ilielewa, akabaki msomi wa Mufulira peke yake.

Sahihi niliyotia haifutiki, mwaka huo nitautumikia. Lakini nilirudi kwa karani nikaomba nyumba ya wenye familia. Ni chumba kimoja, jiko liko nje, na kuta zimepata masizi ya waliotangulia. Karani ameniwekea mpaka mwisho wa mwezi ujao. Anachotaka ni cheti cha kuthibitisha ndoa, chenye muhuri wa baraza la chifu wetu, Mwene. Nilimwambia tulioana kanisani na mahari ilipokelewa mbele ya watu, akasema watu hawawekwi kwenye faili. Kwa hiyo Baba, nakuomba kwa magoti, umpeleke mkamwana wako barazani. Bila wewe hawatampa.

Cheti kikipatikana, lori la mizigo hupita hapo kila Jumanne. Tunduma mtalala Chapwa kwa dada yake Bwana Silwimba, ameshaandikiwa. Yeye ndiye atakayewavusha mpaka na kuwatafutia lori la huku, lifikalo Ijumaa.

Nisalimie Mama, najua nammezesha jambo chungu, mjukuu wake kwenda mbali. Msalimie shangazi, na mwalimu aliyekufundisha kusoma, umwambie kazi yake aliifanya vizuri kuliko yule aliyenifundisha mimi. Msalimie kaka yako aliyebeba kitabu kutoka huku.

Na wewe, Mama Tabitha, nisamehe yale maneno ya kusoma kwa makini. Kama nimekosea tena, na maoni yako yalikuwa ya kitabu tu, niandikie uniambie, nitaelewa. Kama hayakuwa ya kitabu, usinijibu. Usiandike hata mstari mmoja. Nitakwenda kituo cha malori kila Ijumaa, na kofia nitaivaa.

Ni mimi mumeo,
Yeremia, Baba Tabitha