Baba Mkubwa na Kongosho la Mama

Mwenzangu, niko korido ya hospitali, hasira zimenijaa.

Unamjua baba mkubwa, mjuaji wetu, ambaye kila barua ya familia lazima ipitie kwake? Leo kamfundisha daktari wa upasuaji kazi!

Daktari kaeleza vizuri: mama ana saratani ya kongosho, ila ya aina adimu inayokua polepole. Ikikatwa sasa, kabla haijafika kwenye ini, anaweza kupona.

Mzee kakunja nne. “Saratani haiguswi kisu, itasambaa. Ndiyo maana barua yenu ya kumwita shemeji hospitali niliiweka.”

Aliiweka! Wiki sita! Sisi tunasubiri kuitwa, mpaka leo tumekuja wenyewe, kumbe barua imelala kwenye mkoba wake!

Daktari kamuuliza taratibu, “Mzee, kongosho liko wapi?”

Kajigusa kooni. Kooni, mwenzangu, na kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula! Halafu mkono ukateremka hadi chini ya kitovu.

Mama, ambaye hajawahi kumjibu shemeji yake hata siku moja, kanyanyuka, kachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la mzee, kasaini fomu ya upasuaji.

Kisha kairudisha kalamu palepale. “Ahsante, shemeji. Wewe endelea kulitafuta.”