Spika Zinangoja Stendi

Kwako Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka chumba cha mbele, nikiwa nimeifunika cherehani kwa kitambaa ili isinipe kisingizio cha kuacha kuandika. Natumaini hujambo, wifi yangu hajambo, na wale wanangu wanaendelea kuwamalizieni viatu kama kawaida yao. Sisi huku ni wazima. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto halina neno. Mimi nina mgongo wa fundi nguo na kazi za watu zimejaa hadi juu ya kitanda, kwa hiyo nashukuru.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Kaka, simu ina tabia ya kukatika mahali pabaya, na wewe una tabia ya kunikatiza. Leo nataka kusema mpaka mwisho. Kaa chini, soma polepole, na usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Nianze na spika zako. Zilifika salama, nyeusi, ndogo, lakini ukizibeba unajua umebeba kitu. Boksi linasema ni za kuweka kwenye rafu ya vitabu. Nilicheka peke yangu. Nyumba hii ina vitabu vitatu, na kimoja kimeshikilia mguu wa kitanda changu. Lakini nilikumbuka ulivyonieleza, kwamba shida yako si muziki, shida yako ni Baba atoke chumbani. Wewe ulikaa siku chache baada ya msiba ukaondoka, mimi ndiye niliyebaki nikimwona. Tangu tumzike Mama alikuwa mtu wa kulala chali na kiredio chake sikioni. Ukimsemesha anaitika, usipomsemesha basi. Mtu aliyeendesha basi maisha yake yote, aliyekuwa anataniana na abiria kuanzia wa kiti cha mbele hadi wale wa nyuma kabisa, amekuwa hamalizi sentensi. Nguo zangu za wateja ndizo zilizokuwa zinanisikiliza.

Siku ya kwanza niliziweka spika juu ya kabati la vyombo la Mama, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Baba akatoka, akakaa kwenye kiti chake. Nikafurahi moyoni, nikajifanya natafuta uzi. Muziki ukaanza, na vikombe vya Mama navyo vikaanza. Kila besi ikipiga, vile vikombe vyeupe vyenye ukingo wa buluu vinagongana na visosi vyake kama meno ya mtu mwenye homa. Baba alivumilia wimbo mmoja. Wa pili ulipoanza akanyanyuka, akasema asante mwanangu, akarudi chumbani na kufunga mlango.

Nikamwambia tuvitoe tu vikombe, tuvifunge kwenye boksi. Akanijibu kupitia mlangoni kwamba kaka yako alisema visiguswe. Na kweli ulisema. Siku watu walipotawanyika msibani ulisimama mbele ya kabati lile ukasema vikombe vya Mama visiguswe na mtu, na asije akatokea mwanamke mwingine wa kuvinywea. Baba alikuwa amekaa hapo hapo. Sijui kama ulimwangalia.

Basi nikaanza kazi ya kuzitafutia spika zako makao. Nilijaribu stuli mbili za jikoni, besi ikawa inavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikajaribu kreti za soda, nazo zikaongeza maneno yao. Nikaziweka sakafuni, jirani wa chini akapanda kuuliza kama tunahama. Mwishowe nikaiweka moja kwenye meza ya cherehani, na unaweza kukisia kilichotokea nilipokanyaga pedali. Kila mara Baba alikuwa anachungulia, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anarudi ndani. Mlango ule nilianza kuuchukia.

Muuza redio wa mtaa wa pili ndiye aliyeniambia kwamba spika ndogo kama hizi zinataka stendi zake, miguu mizito isiyotetema. Za dukani bei yake ilinifanya niombe maji. Nikaenda kwa seremala akanitengenezea mbili za mbao, nzuri, zina viuno vyembamba kama wasichana wa kwenye kalenda, na nyepesi vilevile. Muziki ukipigwa nazo zinaitikia. Sasa zimekuwa za kuwekea maua. Ndipo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche kwa sababu mashati yake yote yana matundu. Akasema nimletee spika zenyewe azipime, yeye hakisii. Baba alikuwa amelala mchana. Nikazifunga ndani ya khanga, nikazipeleka.

Sasa sikiliza vizuri, Kaka, maana hapa ndipo mambo yalipogeukia.

Nikiwa pale kwa Cheche, mashine ya kukatia chuma inapiga kelele ya kutoa roho, simu ikaita. Baba ameamka, hakuziona spika, anataka kujua ziko wapi. Nikaziba sikio moja nikampigia kelele asiwe na wasiwasi, spika zinangoja stendi tu. Nikakata. Nilikuwa na maana kwamba kila kitu kiko tayari, zimebaki stendi. Lakini fikiria nilikuwa namwambia nani. Dereva wa basi mstaafu. Yeye kwa maisha yake yote stendi ni moja tu, yenye mabasi, makondakta na harufu ya dizeli. Alichosikia ni kwamba mwanawe amezitelekeza spika za kaka yake stendi, katikati ya watu wenye mikono myepesi kuliko wote hapa mjini.

Niliporudi jioni mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na yeye hayumo. Kofia yake haipo. Viatu vyake vya kazini, vile ambavyo Mama alikuwa akivipiga rangi, havipo. Kaka, nilichungulia hadi chini ya kitanda. Mtu ambaye kwa mwaka na zaidi hajavuka hata kizingiti. Nilimuuliza jirani wa chini, akasema amemwona akitoka mbio kama mtu anayedaiwa, na alipomsalimia akajibu kwamba anawahi stendi kabla hawajaziiba. Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wangu, nikatoka na mimi mbio, sindano za pini zimejaa kifuani.

Nilimkuta ofisi ya mizigo. Alikuwa amepindua stendi nzima. Makondakta wawili aliowafundisha kazi walikuwa wanatafuta kwenye buti za mabasi, fundi wa matairi ameacha tairi la watu, na yule mama mpokea mizigo, wanayemwita Mama Vifurushi, alikuwa ameshusha rafu zote na kufungua daftari la mizigo mara ya pili, akisisitiza kwamba hajapokea spika na kwamba katika ofisi yake hakijawahi kupotea hata kiatu kimoja. Baba naye akamjibu kwamba kiatu kimoja kilipotea, mwaka ule wa mvua nyingi, na kilikuwa cha kwake. Wakaanza kubishana juu ya kiatu. Baba anabishana, Kaka. Sentensi ndefu, mpaka mwisho, na mkono unapiga meza.

Nilipowaeleza zile zilikuwa stendi za namna gani, ofisi nzima iliangua kicheko. Mama Vifurushi alicheka mpaka akavua miwani. Baba alininunia kidogo, halafu na yeye akashindwa kujizuia. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu Mama yupo, nikageuka upande wa ukuta nikajifanya nasoma nauli.

Njiani kurudi aliniuliza hizo stendi zinatengenezwa vipi. Nikamwambia ni bomba la chuma la pembe nne, juu bati, chini bati zito. Akasema bomba tupu litalia kama kengele, kwamba kila kitu chenye uwazi ndani ya basi kinapiga kelele mpaka ukijaze. Asubuhi akaenda mwenyewe kwa Cheche. Wakajaza mabomba mchanga mkavu waliouchekecha, wakaziba. Kisha Baba akarudi stendi, kwa fundi wa matairi, akapata kipande cha tyubu kuukuu, akakikata vipande vidogo vya kuweka chini ya kila spika. Stendi zilipofika nyumbani ilibidi wazibebe wanaume wawili. Kaka, huwezi kuamini sauti inayotoka. Besi inapiga na hakuna kitu kinachojibu. Unagonga stendi kwa kidole, inatoa mlio mmoja mfupi na kunyamaza. Vikombe vya Mama vimetulia tuli.

Barua ingeweza kuishia hapa nikakushukuru na kukuaga. Lakini stendi zilikwisha, na Baba hakuacha kwenda stendi. Kwanza alisema anarudisha kisu cha fundi wa matairi. Kisha anaangalia kama wale vijana wanaziangalia breki. Kisha hakusema kitu, alivaa kofia tu. Viatu akawa anavipiga rangi mwenyewe. Mimi si mtoto. Nilimuuliza Cheche, ambaye anajua kila kitu kwa sababu watu wanadhani kelele inamziba masikio, akaniambia Baba anakaa ofisi ya mizigo, anaandika majina kwenye vifurushi kwa ule mwandiko wake mzuri, na yule mama anamcheka anapokosea.

Jumapili iliyopita alimleta nyumbani. Aliniambia asubuhi hiyo hiyo, bila kuniangalia, kwamba kuna mgeni. Sitakudanganya, nilipandwa na hasira. Niliyakumbuka maneno yako na nikayaona ya haki. Nilimkaribisha kwa mdomo tu. Yule mama aliingia, ni mjane kama Baba alivyo mgane, amevaa gauni ambalo pindo lake lilinihitaji sana, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa. Baba akaweka muziki. Halafu akaenda kwenye kabati, akalifungua, akatoa vikombe viwili. Vikombe vikaanza kulia mikononi mwake vilevile kama siku ya kwanza.

Mama Vifurushi akasimama. Akamwambia Baba, kwa upole kabisa, kwamba vikombe vile vina mwenyewe, na mwenyewe ana watoto, na yeye kazi yake ni kutunza vitu vya watu, hawezi kupokea kitu ambacho mwenyewe hajakitoa. Akaomba kikombe cha plastiki cha jikoni. Baba alibaki amesimama na vile vikombe, hajui avirudishe au aviweke chini. Nikamwona anaanza kuutazama mlango wa chumbani kwake.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho nimekuandikia barua nzima ili nikifikie. Baba hakuivunja amri yako, Kaka. Ni mimi. Nilivichukua vile vikombe mikononi mwake, nikaviosha, nikammiminia yule mama chai kwa mkono wangu, nikampa. Nikamwambia watoto tuko wawili, na mmoja ameshatoa. Kisha nikachukua cha tatu, nikanywa na mimi. Unajua sikuwahi kukinywea maisha yangu yote? Tulikuwa tunachapwa tukivisogelea. Mama alivinunua kwa ajili ya wageni wa heshima, na alikuwa anafurahi siku vinapotoka kabatini. Sisi ndio tuliovifanya kaburi. Nilipokunywa nililia, na chai ilikuwa tamu, na sijutii.

Mgeni alipoondoka Baba aliniambia anataka kumuoa. Alisema anampenda, hivyo hivyo, kama anayetaja kituo kinachofuata. Lakini hataenda kwa ndugu zake yule mama mpaka asikie neno lako. Ukikataa, hatalitaja tena jambo hili, na mimi namwamini, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana najua ataingia wapi na kufunga mlango. Alitaka kukuandikia mwenyewe. Amekaa na kalamu mara kadhaa akaishia kwenye jina lako. Anakuogopa, Kaka. Sikuwahi kudhani nitaandika sentensi hiyo.

Mimi sikulazimishi umwite mama. Mimi mwenyewe namwita Mama Vifurushi na anaitika vizuri tu. Nakuomba jambo moja, usitume jibu kwa simu. Njoo nalo. Kikombe chako nimekiosha, kiko mbele kabisa kwenye kabati, na hakuna aliyekinywea.

Msalimie sana wifi, na wabusu wanangu, waambie shangazi anawashonea nguo za sherehe kwa kukisia, kwa hiyo wasirefuke. Cheche anakusalimia. Jirani wa chini pia, anasema siku hizi analala.

Ukijua siku utakayofika tuandikie, maana Baba amesema atakungoja stendi. Nimemuuliza mara mbili ili kuhakikisha. Ni ile ya mabasi.

Ndimi mdogo wako akupendaye,

Sindano