Bauma, Nilikufikisha Rangoun kwa Uongo

Bauma ndugu yangu,

Nimekukosea, na leo nataka kutubu. Usicheke kwanza. Wewe ulikuwa unacheka mbele muntu hajamaliza kusema.

Unajua desturi yetu kule kwetu Kibabi: muntu akifia safarini, ule alitembea naye anakuja kukaa mbele ya mama ya marehemu na kumweleza njia yote, tangu mulango wa nyumba mpaka fasi alianguka. Kiisha njo matanga inaisha, na mama anarudi kwa watu. Basi niliporudi kutoka vita ya Burma, nikapanda kwa miguu toka Sake, nikakaa mbele ya mama yako. Nilianza vizuri. Nikaeleza vile tuliandikwa sisi wawili kubeba wagonjwa ku hospitali ya jeshi, na meli, na mvua ya kule, na machela. Nikafika kwa ule muto mukubwa, pale homa ilikukamata. Mama yako akaniangalia. Bauma, kinywa kilikataa! Nikasema: "Akapona, Mama. Tukaendelea."

Ee Mungu wangu, tukaendelea! Nikakutembeza Rangoun muzima.

Unakumbuka ule mupishi Muhindi wa kambi, mwenye alizaliwa Rangoun? Alitutajia fasi zote za zamani za ule muji mukubwa, na wewe ukaandika majina kwa karatasi ya dawa. "Vita ikiisha tutaona yote," ulisema, "hata moja haitabaki." Kiisha tukakuzika chini ya muti, karibu na maji, na ni mimi nilishika mbele ya machela yako. Miezi ikapita. Tulipokuwa Rangoun tunangoja meli ya kurudi, nikatoa karatasi yako mu mufuko, nikaanza kutembea peke yangu.

Nilianza na Shwedagon, ile nyumba yao ya sala, ya dhahabu, juu ya kilima. Unapanda ngazi ndefu yenye paa, wamama wanauzisha maua kuume na kushoto. Pale chini wananiambia: vua viatu. Mimi! Miaka yote natembea miguu mitupu, viatu vya kwanza vya maisha yangu njo vile vya jeshi, sasa niviache kwa muntu simujui? Nikavifunga kamba, nikavitia ku shingo, nikapanda. Wale wamama walicheka mpaka wakashikana. Juu kule mawe iko moto, dhahabu inaumiza macho. Iko kengele moja kubwa kupita jiko ya mama yako. Wanasema Waingereza wa zamani walitaka kuibeba, ikazama mu muto, wenyeji wakaitoa wao wenyewe. Kila muntu anamwaga maji kwa sanamu ya siku yenye alizaliwa. Mupe, padri wetu, asisikie, lakini nilitaka kukumwagia na wewe. Nikaona sijui ulizaliwa siku gani. Tumekula sahani moja tangu utoto, na sijui! Nikalia pale mbele ya watu, viatu ku shingo.

Nikaona na Sule, nyumba ingine ya sala, yenye iko katikati ya njia kabisa, motokari zinaizunguka. Botataung, karibu na meli, bomu ilikuwa imeivunja, nikakuta fungu la matofali tu. Nilikaa wakati murefu kwa kaburi ya mufalme wa mwisho wa Wahindi, mwenye Waingereza walimufunga kule mpaka akafa mbali na kwao. Mulinzi mwenyewe hakujua sawasawa fasi mufalme alilala. Alionyesha majani kwa mukono, basi. Hapo njo nilikukosa sana, Bauma.

Ile yote nikamupa mama yako, na wewe ndani. Bauma alisema hivi, Bauma alicheka vile. Hata viatu nikavitia ku shingo yako. Kila mara nikitoka Mpofi, kule natumika sasa ku dispanseri, ananiwekea maharagi na kusema: "Unipeleke tena kwa ile ngazi." Na mimi nampeleka, sababu hata mimi nilipenda kukuona pale. Nikisikia atauliza mwisho, fasi ulianguka, ninasema nimechoka, nitamaliza siku ingine.

Kumbe njo nilikuwa namufunga. Miaka inapita, mama yako haendi soko, haendi ngoma, matanga yake haiishi. Juma iliyopita dada yako aliolewa, na mama akakataa kutoka ndani. Dada yako akanikuta njiani na nguo ya harusi, machozi yanashuka: "Kaka, umalize! Nakuomba, umalize!"

Nikaingia. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, Bauma hakuvuka ule muto." Nikamweleza homa, siku zile tatu, vile ulimwita yeye na hakuna mwingine, muti, na udongo tulikufunika nao. Yote, Bauma. Hakulia. Kiisha akauliza, "Basi ile ngazi, ulipanda peke yako?"

"Njo, Mama."

Akanivuta, akaweka kichwa changu kwa mapaja yake, mimi muntu muzima mwenye ndevu. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole ya safari."

Tangu nirudi, hakuna muntu aliniambia ile neno. Nililia sawa siku tulikuzika. Kiisha tukatoka wote wawili, yeye ananishika mukono, tukaenda kwa harusi.

Nitamulimia mama yako shamba yake mpaka siku ya mwisho, yake ao yangu. Na wewe, ndugu, kwaheri. Ulale pale karibu na maji, pale tulikuweka. Sitakuhamisha tena.

Ni mimi, Petro