Vitambaa vya Mama Kwenye Mpini wa Jembe

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Nakuandikia huku nacheka peke yangu, na dada Regina ameshachungulia mara mbili kuona nina nini.

Unakumbuka vitambaa vyako? Khanga ikichakaa uliichana vipande, ukavifunga kwenye kila chombo pale nyumbani Qurus. Kijani: kinaazimishwa, ila kirudi kabla jua halijazama. Njano: kioshwe kwanza. Nyekundu: hakitoki hapa. Jembe lilikuwa na kijani tu, sufuria kubwa kijani na njano, na jirani alijua mwenyewe bila kukuuliza.

Nilikuwa na miaka saba nilipokufunga wewe chekundu mkononi. Nilichoka na watu kukuita, huyu ana mgonjwa, yule anapura maharage ya ngwara. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Haya, leo siazimishwi," ukasema.

Sijamaliza hata kuosha vyombo, ulishafika kwa jirani, Mama Paulina, na kitambaa chako mkononi. Nilinuna mpaka jioni uliporudi na bakuli la ngwara.

Sasa sikia. Niliacha ile kazi ya hotelini ya kupokea watalii waendao kreta, natengeneza mchezo wa kompyuta wa nyumba yetu. Mchezaji akigusa kitu, menyu inatokea: beba, osha, azimisha. Mimi kwa ujuaji wangu niliandikia kila kitu menyu yake. Nikirekebisha ya ndoo, ya kibuyu inagoma. Ijumaa watoto wa shule walikuwa waje kuujaribu, na nilishamwahidi dada kwamba ukishindikana narudi hotelini kuvaa sare. Jumanne nililia, sikufichi.

Ndipo nikaliona jembe lako nyuma ya mlango, kitambaa cha kijani kimepauka. Nikafuta menyu zote. Injini ya mchezo, ile programu inayouendesha, ina vipande vidogo viitwavyo komponenti, kila kimoja na kazi yake. Nikaandika kimoja cha kubeba, kimoja cha kuosha, na cha kuazimisha, ambacho hupeleka kitu kwa jirani na kukirudisha kabla jua halijazama. Kila kimoja nimekiandika mara moja tu, kisha nikavifunga kwenye vitu kama ulivyokuwa ukifanya. Menyu haijui jembe wala sufuria. Inaangalia kitu kimefungwa nini, basi, inaorodhesha. Siku mbili nikawa nimemaliza, naimba, dada akadhani nimepata mchumba.

Ijumaa watoto walicheza vizuri, hadi binti mmoja akamgusa mama niliyemweka jikoni.

"Dada, kumbe huyu mama naye anaazimishwa?"

Nikatazama. Vyombo vya jikoni nilivifunga kijani vyote kwa mkupuo, na wewe ulikuwa katikati yao. Binti akabonyeza. Ukatoka mlangoni, ukashika njia ya kwa jirani, watoto wakavunjika mbavu, na mimi pamoja nao. Dada hajataja tena sare.

Walipoondoka nilifungua mchezo ili nikufunge chekundu. Tangu tukuzike nimekulilia sana, mama, lakini jana sikuwa na kilio. Nilikuazimisha tena, nikakaa kulitazama jua la mchezo likishuka. Kabla halijazama, ukaingia, ukakaa jikoni.

Kitambaa chako nimekiacha cha kijani.

Pumzika, mama, na uwasalimie wote uliowakuta.

Ni mimi, kitindamimba wako