Vioo vya Mtaa wa Juu

Mtaa wa Juu, Belotrav
3 Novemba 1995

Mwanangu Rumyana,

Hujambo huko Sofia, na kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, goti tu. Mbuzi naye mzima, anakula kunishinda.

Shahada uliyoniletea nimeitundika chini ya picha ya Bikira, apate kuilinda. Dukani nimewaambia wote: binti yangu amemaliza jiolojia, miaka mitano. Jirani yetu Stoyna akasema, "Kwani mawe nayo husomewa? Angekuja shambani kwangu, yapo ya bure." Nikamwambia, "Shoga, wewe unayaokota. Yeye anajua yalizaliwa lini."

Sasa niambie umepata kazi gani, nipate la kusema. Mwenzako Kosta amekwenda kwenye mafuta, Libya. Wewe nimeshawaambia ni dhahabu. Usiniaibishe.

Mama yako


12 Machi 1996

Rumyana,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na usiniulize goti.

Dhahabu ukaikataa, mafuta ukayakataa, ukachagua ofisi ya maporomoko ya ardhi. Nikameza. Februari ukaja na wenzako, mkagandisha kwa plasta vipande vya kioo juu ya nyufa za nyumba zetu kumi na moja, kila kimoja na tarehe uliyoiandika kwa mkono wako. Ukasema kikipasuka, ujue kilima kinatembea. Nikawapikia supu ya maharage, huku nawaonyesha majirani: yule mwenye koti la buluu ndiye wangu.

Jana karatasi yenu ikasomwa ofisi ya kijiji. Mtaa mzima uhame. Chini yake sahihi yako, wewe uliyezaliwa humu. Stoyna akasema mbele ya watu, "Genoveva, mwanao alitafuta dhahabu akaikosa, sasa kaziona nyumba zetu."

Baba yako, Mungu amrehemu, alibeba kila jiwe la nyumba hii mgongoni. Na kioo chako ukutani kwangu ni kizima. Watu wanakuja kukitazama.

Mama yako, kama bado unamkumbuka


Sofia, 20 Machi 1996

Shikamoo mama,

Goti nitakuuliza tu, maana utalihitaji kuteremkia.

Nyumba kumi vioo vimepasuka. Yako iko katikati yao. Kilima hakiruki nyumba moja kwa kumheshimu mwenyewe. Umefanya nini, mama?

Nasikia hakuna aliyehama. Wanasema kama cha Genoveva ni kizima, basi hivyo vingine vilikuwa vibovu. Stoyna analala na wajukuu wawili mle ndani. Usinijibu mimi. Kawajibu wao.

Binti yako


Shuleni, Belotrav
29 Aprili 1996

Rumyana,

Sisi wazima. Tunalala ishirini na wawili katika chumba cha darasa la tatu, na mbuzi uani.

Mama hasemeshwi vile. Hilo nalitanguliza.

Kioo chako kilipasuka wiki ya tatu, nikakibandua nikakificha. Nikakata kingine kwenye fremu ya picha ya harusi, nikakibandika, nikaiga tarehe yako. Namba saba yangu na yako hazitofautiani; nani alikufundisha kuiandika?

Alhamisi Kuu nilikuwa napaka ukuta chokaa, mayai ya Pasaka niliyoyatia rangi nyekundu yanapoa mezani. Kioo kikalia, tak. Changu mwenyewe, mbele ya macho yangu. Niliteremka na brashi mkononi mpaka kwa Stoyna, nikamwekea vyote viwili mezani. Alivitazama sana. Akasema, "Hata uongo wako una shahada." Kisha akaanza kukunja mablanketi. Kufika Pasaka mtaa ulikuwa mtupu.

Nyumba imekwenda Jumamosi ya tarehe ishirini, asubuhi, na jiko alilolijenga baba yako. Nililisikia kutoka hapa uani. Hakuna aliyekuwa ndani, hata kuku.

Shahada niliitoa mapema, pamoja na yai la kwanza, lile jekundu tunaloliweka lilinde nyumba. Vioo nakutumia, nimevifunga kwenye soksi. Vimepasuka mahali pamoja.

Hapa nimewaambia wote kwamba aliyejua ni wewe. Stoyna anasema wanajua, nimeshawaambia mara sita.

Bado nimekukasirikia. Njoo Jumapili nikukasirikie vizuri, na koti la buluu ulivae.

Mama yako